Refa Hali Bila Mpira

Dishi lilishushwa ukutani mzee akiwa katikati ya kifungua kinywa. Vibarua wawili waliegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele, mmoja akaishika, mwingine akapanda na spana. Picha kwenye televisheni ikatetemeka, ikajikata vipande vipande, kisha pakabaki weusi mtupu. Mzee alikuwa amefungua mdomo. Alipoona mchezaji aliyekuwa anakimbilia goli amepotea pamoja na goli lenyewe, aliufunga. Kijiko cha uji kikagonga meno.

"Fungua, Baba," alisema mke wa mwanawe. "Kimebaki kidogo tu."

Mzee hakufungua. Alikuwa akiitazama televisheni kama mtu anayemtazama mdeni wake akipita ng'ambo ya barabara.

Mtaa mzima ulimwita Refa, kwa sababu ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee wake aliumaliza viwanjani akipuliza filimbi. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Kilichomwachia ni hasira. Nesi alisema alishwe kwa kijiko, ameketishwa wima, polepole. Rahisi kusema. Refa hakuwa amelishwa na mtu tangu aachishwe ziwa, na kila kijiko kilipomkaribia alibana midomo kama mkoba wa zipu. Mke wa mwanawe, ambaye alikuwa mshonaji wa mapazia na aliyezoea kuvumilia nguo zinazokataa sindano, alibembeleza, akaimba, akalia mpaka akachoka. Siku moja aliwasha televisheni kwa ajili yake mwenyewe tu, apate cha kutazama huku akibembeleza, akakuta chaneli inayorudia mechi za zamani kutwa kucha. Mwamuzi wa kwenye mechi ile alitoa penalti isiyokuwa penalti. Refa akanguruma, mdomo wazi, na mshonaji akaingiza kijiko.

Tangu hapo ndivyo nyumba ilivyokwenda. Palipokuwa na kosa la mwamuzi, hapo hapo palikuwa na tonge. Mechi ilikuwa ya zamani, wachezaji wengine walikuwa wameshazeeka au kufa, lakini Refa hakujali. Penalti ile ile angeweza kuikataa asubuhi na akaikataa tena jioni kwa moyo ule ule, na bakuli likaisha.

Mshonaji aliweka uji chini, akatoka nje. Vibarua walikuwa wanalifunga dishi kwa kamba. Pembeni yao alisimama ofisa wa idara ya majengo ya kale, mtu mwembamba mwenye viatu safi kuliko barabara aliyosimama. Watu wa nyumba ile walimwita Bwana Kale.

"Tulishawaonya, mama," alisema, huku akipapasa nakshi za mlango kama anayepapasa shavu la mtoto. "Jengo hili linalindwa. Sura yake ya mbele ni mali ya watu wote."

"Na sisi tulio ndani?"

"Ninyi mnakaa tu."

Dirisha la ghorofani likafunguliwa. Wifi yake, binti wa Refa, alitoa kichwa kilichofungwa kitambaa cha kazini. Alikuwa mpishi wa shule, na sauti yake ilizoea kuvuka kelele za watoto waliopanga foleni.

"Chukueni, baba, chukueni," alisema. "Na aliyekuwa anapigisha kelele za mpira humu ndani, mkiwa na nafasi kwenye gari, mchukueni naye."

Akafunga dirisha. Mmoja wa vibarua akacheka, kisha akamwona mshonaji, akajikohoza.

*

Fundi wa madishi alikuja kesho yake, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa.

"Mama, ukuta huu hata dua inapita kwa shida."

Alijaribu antena ya ndani. Ikaleta chaneli moja, mtu anasoma bei za mbolea katikati ya chenga. Mtandao wa waya ungetaka kutoboa ukuta wa mbele, na Bwana Kale alishasema atakayetoboa atatoboa na mfuko wake. Simu nayo mshonaji alishaijaribu. Kioo kidogo, jicho la mzee bovu, na bando liliisha kabla timu hazijatoka mapumziko.

"Basi hakuna njia?"

"Njia iko juu." Fundi alielekeza kidole darini. "Paa la nyumba hii ni bapa. Kuna ukingo mrefu upande wa barabara. Dishi likikaa nyuma ya ukingo, nani atalijua? Omba kibali."

Bwana Kale, kwa kushangaza, alikubali. Dishi moja kwa nyumba nzima. Waya mmoja, upite ngazini, upakwe rangi ya ukuta. Dishi lisifungwe kwa misumari. Likandamizwe kwa matofali, maana mawe yale ya paa yana umri mkubwa kuliko babu zao wote. Fundi akaitikia ndiyo, bwana, ndiyo. Siku ya kazi akatazama matofali, akatazama ngazi, akapanda na mashine ya kutoboa. Mshonaji, chini, alisikia ule mlio ukisaga mawe juu ya kichwa chake. Alisimamisha cherehani, akasikiliza, akaendelea kushona. Alitaka picha irudi.

Tatizo likawa wifi, kwani paa lilikuwa juu ya chumba chake, na waya ulipita kwake kwanza.

"King'amuzi kitakaa kwangu," alisema, mikono kiunoni mlangoni pake. "Dishi mnanibandika utosini, waya mnanipitishia kitandani, halafu king'amuzi mkalale nacho ninyi? Hapana."

"Kinaweza kulisha televisheni mbili," fundi aliingilia, akitaka kazi iishe. "Ila zote zitaonyesha kitu kimoja, mama. Mwenye rimoti ndiye mwenye nyumba."

Wifi akanyoosha kiganja, naye fundi, bila kumtazama mshonaji aliyemlipa, akaiweka rimoti pale.

*

Siku za mwanzo amani ilikuwepo, ya kuazima. Wifi alitoka alfajiri kwenda kuwasha majiko ya shule, akaacha king'amuzi kikiwaka kwenye mpira. Refa akala. Kisha asubuhi moja televisheni ya chini ikaamka na weusi. Mshonaji alipanda, akakuta kufuli.

Jioni alimsubiri ngazini.

"Wifi, leo kilizimika."

"Nimekizima mimi. Kinachokula umeme ni king'amuzi, na kiko kwenye umeme wangu."

"Nitachangia umeme."

"Sijakuomba."

Mchana kukawa giza. Usiku mwanga ulikuja, lakini pamoja nao zilikuja tamthilia. Refa aliketishwa wima na kitambaa shingoni, akawekewa mbele mwanamke aliyejipodoa anayelia kwenye ngazi za marumaru kwa sababu mchumba wake ni ndugu yake. Mzee alimtazama kwa dharau isiyo na kifani. Midomo haikutikisika.

Lililouma zaidi ni pale wifi alipoanza na mpira. Alikuwa anauacha kidogo, kiasi cha mzee kukaa sawa, macho kung'aa, kijiko cha kwanza kupita. Mpira unawekwa kwenye alama ya penalti, mpigaji anarudi nyuma, Refa anavuta pumzi, na papo hapo yule mwanamke wa marumaru anarudi na kilio chake.

"Wifi," mshonaji aliita kupitia ngazini, bakuli mkononi. "Mzee anakula."

"Na ale," sauti ilishuka. "Nimemfunga mdomo mimi?"

"Mwachie dakika chache tu."

"Kwani jino lake liko kwenye televisheni?"

Mlango wa juu ukabamizwa. Refa alichukua kibao cha kuwekea bakuli kwa mkono wake mzima, akakisukuma. Uji ukamwagika juu ya pazia la mteja lililokuwa limekunjwa kitini, pazia la rangi ya maziwa, likingoja kupelekwa.

Kliniki, nesi alimpandisha Refa kwenye mizani ya kiti, akatazama, akatazama tena.

"Mama, huyu mnampa chakula au mnampa harufu?"

Foleni nzima ilisikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimgeukia mshonaji, akamtazama viatu mpaka kichwa, kama anayetafuta ni wapi anapoficha chakula cha mzee.

"Hataki kula, nesi."

"Wazee wote hawataki. Wanalishwa." Nesi aliandika. "Mrudishe wiki ijayo. Akiwa ameshuka tena, analazwa, tunampitishia mrija puani. Na mrija, mama, ukishaingia kwa mzee wa namna hii, kutoka ni kazi."

Refa hakuwa na maneno, lakini masikio alikuwa nayo. Njia nzima, kwenye kiti cha kusukumwa, alikuwa ameziba pua yake kwa kiganja.

*

Mshonaji alikuwa mtu wa haya. Alipanda ngazi akasimama mbele ya mlango wa wifi, akashuka mpaka katikati, akapanda tena. Mkononi alishika kitambaa kipya cha meza, alichokipinda mwenyewe. Kwenda mikono mitupu kuomba aliona vibaya.

Wifi alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mikono yake ilikuwa na alama za mvuke mpaka viwikoni.

"Wifi, nimekuja."

"Naona."

Hakusema kaa. Mshonaji alisimama. Mbele yake, kwenye ukuta wa nyuma, lilining'inia pazia pana kuliko dirisha lolote la nyumba ile. Alilijua. Alilishona yeye mwenyewe, bure, zamani walipokuwa bado wanasalimiana, ili lifunike dirisha jipya la aluminiamu ambalo wifi aliliweka baada ya lile la mbao kuoza na kuingiza mvua. Bwana Kale hakuwa akilijua dirisha lile. Walicheka sana siku ile wakilipima, wifi akisema pazia likae kama gauni la mjamzito, lifiche kila kitu.

"Nesi amesema akishuka uzito tena watamwekea mrija."

"Nimesikia. Mtaa wote umesikia."

"Nakuomba rimoti, wifi. Saa za chakula tu. Akimaliza nakurudishia mwenyewe, napanda naileta."

Wifi alitoa mguu mmoja majini, akaufuta taratibu.

"Mimi kutwa nzima nalisha watoto wa watu. Sufuria kuzidi kimo changu. Nikirudi nataka kukaa, nione watu waliovaa vizuri wakidanganyana. Hilo nalo mmeliona kubwa?"

"Si kubwa. Lakini ni baba yako."

"Usinijulishe na baba yangu."

Kwenye televisheni yule mwanamke alikuwa anachana picha.

"Unajua mama yangu alifia wapi?" wifi aliuliza. "Hapo chini, unapoweka cherehani. Siku ile baba alikuwa na mechi kubwa. Mama anaumwa, mechi inatangazwa redioni, na mama anataka redio iwashwe amsikilize mume wake. Mumewe hasemi redioni, anapuliza filimbi tu. Yeye filimbi ile alikuwa anaijua. Ikipulizwa anatabasamu. Mtangazaji anasema mwamuzi leo yuko imara, mama anacheka, ananiambia umesikia baba yako? Kipindi cha kwanza chote amecheka. Kipindi cha pili akakata roho. Kichwa kiko mapajani mwangu, redio inapiga kelele za watu, mkono wangu haufiki kuizima."

Mshonaji alikikunja kitambaa cha meza mara mbili.

"Kabla hajafa nilituma mtu uwanjani. Akamkuta mapumziko, akamwambia, rudi nyumbani, hali ni mbaya. Unajua alijibu nini? Alisema mechi haiwezi kukosa refa." Wifi alirudisha mguu majini. "Sasa wewe asubuhi, mchana, jioni, unanipandishia kelele zile zile mpaka kwenye mto wangu. Hujawahi kuniuliza. Umeshika kijiko, unajiona mtu mwema."

"Sikujua, wifi."

"Sasa umejua."

"Lakini atakufa."

"Kila mtu anakufa. Wengine wanafanyiwa upendeleo wa kufa bila kelele." Alichukua rimoti, akaongeza sauti. "Kitambaa chako kichukue. Kwangu hakuna meza."

*

Mwisho wa juma Bwana Kale alikuja kukagua waya. Alisimama ngazini akautazama ulivyopakwa rangi, akautelezesha kidole, akaridhika. Alikuwa na haraka, na vumbi la ngazi halikuwa rafiki wa viatu vyake.

"Na dishi lenyewe liko salama juu?"

"Liko."

"Haya. Kazi nzuri. Mkitunza jengo, jengo litawatunza."

Aligeuka aondoke. Ndani, Refa alikuwa kitini, bakuli la asubuhi limepoa mbele yake likiwa limejaa. Tangu juzi alikuwa amekula vijiko vya kuhesabika. Mshonaji aliutazama mgongo wa Bwana Kale ukielekea mlangoni, na kifuani mwake kitu kilichokuwa kimekaa kwa haya kikasimama.

"Umetazama upande wa nyuma?" aliuliza.

"Nyuma kuna nini?"

"Dirisha la ghorofani."

Alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeomba maji. Hesabu yake ilikuwa fupi. Wifi akibanwa kwa dirisha, atalainika, akilainika, watazungumza, na Bwana Kale huenda akasema king'amuzi kishuke chini kwa mtu anayefuata sheria. Hakufika mbali zaidi ya hapo.

Chumba cha wifi kilikuwa na kufuli, na dirisha la nyuma lilionekana kutoka mahali pamoja tu. Bwana Kale alikunja suruali, akapanda paani.

Alikaa huko muda mrefu kuliko dirisha moja linavyohitaji. Aliposhuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Dirisha nimeliona," alisema. "Na dishi nimeliona. Nani aliyetoboa lile paa?"

Mshonaji alishika ukingo wa ngazi.

"Nilisema lisifungwe kwa misumari. Likandamizwe kwa matofali tu. Mmechimba mawe ya watu kwa bolti nne, na ufa umeanza." Alikuwa anatetemeka kweli, labda ndani ya viatu vile kulikuwa na mtu aliyependa kitu. "Dishi linashuka leo. Kibali kimekwisha. Msiniombe tena, wala ninyi wala atakayewafuata."

Vibarua waliitwa. Mchana ule ule dishi lilishuka, waya ukavutwa, na dirisha la aluminiamu likang'olewa, mahali pake pakapigiliwa mbao mpaka mwenyewe atakapotengeneza la mti kama lilivyokuwa. Wifi alirudi kazini akawakuta wanabeba vyombo. Alisimama kwenye ngazi ya kwanza, mfuko begani, akimsikiliza Bwana Kale akisoma makosa yake.

Alipomaliza, ofisa alimgeukia mshonaji, na kwa adabu kabisa akasema:

"Wewe nakushukuru, mama. Mngekuwa wakweli wote kama wewe, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Akaondoka, akipapasa mlango alipopita.

Mshonaji alingoja matusi. Alikuwa ameyaandalia mgongo, kama mtu anayengoja ndoo ya maji baridi. Wifi alimtazama tu.

"Wewe ndiye uliyenishonea pazia," alisema.

Akapanda.

*

Mume wa mshonaji alikuwa dereva wa malori ya mbali. Simu yake ilikuja na mlio wa injini nyuma yake.

"Mmekuwa watoto? Wanawake wawili mmeshindwa televisheni moja?"

"Baba yako hali."

"Nikirudi nitaongea na dada."

"Unarudi lini?"

"Mzigo haujashuka." Injini ikanguruma. "Mpe asali. Asali hajawahi kukataa."

Asali aliikataa. Na supu, na maziwa, na ndizi iliyopondwa. Televisheni ilikaa pale mbele yake, nyeusi, na yeye aliitazama hivyo hivyo kutwa nzima. Mifupa ya mashavu ilikuwa imeanza kujitokeza. Kliniki ilikuwa keshokutwa.

Ilikuwa siku ya mapumziko, shule zimefungwa. Juu, nyundo ilikuwa inagonga. Wifi alikuwa anaziba nafasi kati ya mbao kwa matambara. Mshonaji aliponda viazi, akavilainisha kwa supu, akamketisha mzee wima. Midomo ikabanwa. Alijaribu upande huu, akajaribu upande ule. Kijiko kikarudi kama kilivyokwenda. Akakiweka chini, akageuza kiti chake, akakaa kati ya mzee na televisheni.

"Baba, mpira umeanza," alisema.

Refa hakumtazama.

"Wekundu wana mpira. Wanakwenda nao, wanakwenda." Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hakuwahi kutazama mechi. Siku zote alikuwa anautazama mdomo. "Mmoja ameudaka. Ameudaka kwa mikono, anakimbia nao."

Jicho la mzee liligeuka.

"Refa anasema sawa tu, endelea. Anamwambia, kimbia, baba."

Mngurumo ulitoka chini ya kifua. Mdomo ukafunguka, na kijiko kikaingia kabla haujajua. Mshonaji aliogopa hata kufurahi.

"Sasa weupe wamenyang'anya. Wanarudi. Kipa, kipa wao ameotea. Refa anapuliza, kipa ameotea."

Mngurumo tena, mkubwa zaidi. Kijiko. Alimpigisha mchezaji kona kwa mkono. Alimpa mshika kibendera kadi nyekundu. Vijiko vikapita. Lakini Refa alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Mshonaji alipomtoa mchezaji nje kwa kosa la kufunga kamba za viatu, mzee alimtazama usoni, akamwelewa, akaona anachofanyiwa. Midomo ikafungwa, mara hii kwa uchungu.

"Kipa haotei," ilisema sauti.

Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi, nje ya mlango uliokuwa wazi, nyundo mapajani. Haikujulikana alikaa pale tangu saa ngapi.

"Hata kumdanganya hujui," alisema.

Mshonaji alitazama bakuli. Baada ya kulichongea lile dirisha, hakuwa na haki ya kumjibu.

Wifi aliigeuza nyundo mapajani. Kisha akaanza kusema, sauti ikiwa si yake. Ilikuwa nene, ya haraka, sauti ya mwanamume wa redioni.

"Uwanja umefurika, wapenzi wasikilizaji. Wenyeji wamevaa njano, wageni buluu. Mvua imenyesha asubuhi, nyasi zinateleza. Mwamuzi anaita manahodha katikati."

Mkono mzima wa Refa ulishika ukingo wa kiti.

"Filimbi, mpira umeanza. Njano wanapanda kulia. Namba saba, mfupi yule, anampita mmoja, anampita wa pili, anachezewa vibaya, mwamuzi anasema endelea. Anasema endelea kwa sababu mpira uko bado na njano. Watu wanazomea, hawajui sheria. Mwamuzi leo yuko imara."

Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anautazama ukuta, mahali palipokuwa na cherehani. Mshonaji alishika kijiko, hajui akitumie au asitumie. Akakisogeza. Mdomo wa mzee ulikuwa wazi, na ukapokea.

Wifi alisimulia kipindi cha kwanza kama kilivyokuwa siku ile redioni, kila mpira ulikopita, kama mtu anayetapika alichokula zamani. Dakika za mwisho wageni walifunga.

"Goli. Hapana, si goli, mwamuzi amekataa. Anaonyesha ameotea. Mshika kibendera hakunyanyua, mwamuzi peke yake ameona. Uwanja mzima unataka kumla mbichi." Sauti ya mtangazaji ikakatika, ikarudi ya kwake. "Alikuwa ameotea, au hakuwa ameotea?"

Refa alitoa sauti. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa ndefu, ya kujitetea, na machozi yalikuwa yanashuka upande mmoja wa uso, ule ambao kiharusi hakikuugusa.

"Ameotea," wifi alisema. "Nilijua. Mama naye alisema ameotea." Akasimama, akajikung'uta vumbi la mbao. "Mapumziko."

Bakuli lilikuwa tupu. Mshonaji aliinuka nusu.

"Wifi, lile dirisha..."

"Usiniombe radhi. Sikushuka kwa ajili yako." Alikuwa ameshapanda ngazi mbili. "Kesho saa za chakula nitarudi. Kesho ni kipindi cha pili, nitakisimulia chote, hakuna nitakachoruka. Mtu niliyemtuma uwanjani nitamtaja, na alichojibiwa nitakitaja. Ale asile, atasikia."

Nyundo ikaanza tena juu.

Mshonaji alichukua kitambaa amfute mzee kidevu. Refa alikuwa akiutazama mlango ulioachwa wazi, na midomo yake ilikuwa bado haijafungwa.